MREJESHO: wale minyoo bapa kwa tangi langu la samaki wa maji ya chumvi, Kisumu

Wadau asanteni sana. Kwa wenye hawakuwa, niliuliza kuhusu vidudu vya rangi ya kutu vimejaa kwa matumbawe ya tangi langu la lita 60. Nilifanya vile mliniambia, nikachukua tochi na lensi ya simu nikaangalia mkia, na kweli umegawanyika ncha tatu hivi, mwili flati hauna miguu, kwa hivyo ni planaria wekundu (aina ya minyoo bapa), si wale wanaokula tumbawe lenyewe. Wanakaa penye taa na penye maji hayasongi, na shida yao ni kufunika tumbawe likose mwanga.

Dawa ya kuwaua nilikuwa nimeshanunua lakini yule mkubwa aliyenionya kwamba wakifa wengi pamoja wanatoa sumu inayoweza kuua samaki, aki ameniokoa, kwa sababu nilikuwa nimwage yote usiku huo huo. Badala yake nimewanyonya na kale kapaipu ka hewa kila jioni wiki mbili, maji yanapitia soksi ya filta (mfuko wa kitambaa wa kuchuja) halafu yanarudi kwa tangi ndio nisipoteze chumvi, maana chumvi ya tangi si bei ya chumvi ya ugali. (Jirani bado anacheka eti naishi kando ya ziwa na natengeneza bahari kwa ndoo.)

Wakabaki wachache ndio nikaweka dawa, kaboni mpya (makaa ya filta ya kunyonya sumu) ikiwa tayari, kisha nikabadilisha maji robo. Samaki wote wawili wako poa. Jana nimeona mnyoo mmoja kwa kioo, nikamnyonya.