Waseda ya Japani, chuo binafsi kinatoaje watu wakubwa hivi?

Msomaji Huru
Habari za humu wakuu. Kuna kitu kinanitatiza kitambo. Kila nikisoma habari za watu wakubwa wa Japani nakutana na hili jina Waseda, mara Fumio Kishida aliyekuwa waziri mkuu 2021 mpaka 2024 kasoma sheria pale, mara Masaru Ibuka aliyeanzisha Sony na mwenzie Akio Morita, mara mwandishi Haruki Murakami, mara Tadashi Yanai tajiri wa maduka ya nguo ya Uniqlo. Kuja kuangalia kumbe chuo binafsi! Mimi nilijua kule vigogo wote wanatoka Chuo Kikuu cha Tokyo ambacho ni cha serikali. Imekuwaje? Na hao wote walimaliza kweli au wengine walipita tu? Mwenye uelewa anifungue.

Kalamu Nyeusi
Mkuu anza na mwanzilishi ndo utaelewa. Shigenobu Okuma alikuwa mtu mzito serikalini, akawa anataka nchi iwe na katiba na bunge haraka, wenzake hawakutaka, 1881 wakamtoa. Mwaka uliofuata tu, 1882, akafungua shule yake hapohapo Tokyo (jina la Waseda limekuja baadaye, 1902). Kwa hiyo hicho chuo kimezaliwa na mtu aliyetolewa serikalini, na neno lao kuu mpaka leo ni uhuru wa elimu. Chuo Kikuu cha Tokyo kilikuwa kinaandaa maofisa wa serikali, huku Waseda vijana wakawa wanaenda kwenye magazeti, fasihi, siasa za majukwaani. Tanzan Ishibashi aliyekuwa waziri mkuu 1956 alitokea Waseda na alikuwa mwandishi wa habari miaka mingi kabla ya siasa. Baada yake wakaja kina Takeshita, Kaifu, Obuchi, Noda. Hilo la kuwa chuo binafsi lisikuchanganye, Chuo Kikuu cha Keio nacho ni binafsi na ndio watani wao wakubwa, wakicheza besiboli Tokyo inasimama.

Bint Karne
Swali la kumaliza ndo zuri, maana watu wanachanganya sana aliyesoma na aliyehitimu. Kishida, Ibuka na Yanai walihitimu. Murakami naye alihitimu ila aliingia 1968 akatoka 1975, miaka 7, katikati kaoa na kafungua baa ya jazi akiwa bado mwanafunzi. Lakini Lee Byung-chul aliyeanzisha Samsung hakumaliza, aliyemaliza ni mwanae Lee Kun-hee, 1965. Li Dazhao, mmoja wa waasisi wa chama cha kikomunisti cha China, naye alisoma akaondoka bila digrii.

Mimi ninayempenda kuliko wote ni Chiune Sugihara. Hakumaliza, aliacha akachukua nafasi ya kusomeshwa na wizara ya mambo ya nje, akajifunza Kirusi. 1940 yuko Kaunas, Lithuania, ubalozi mdogo, Wayahudi wamejaa getini wanakimbia vita, Tokyo inamkatalia kutoa viza kwa wasiotimiza masharti, yeye akaandika kwa mkono usiku na mchana, zaidi ya 2,000, na viza moja ilibeba familia nzima. Sasa huyo utamtoa kwenye orodha kisa hana cheti? Mimi simtoi.

Mbio Ndefu
Mmesahau wanamichezo jamani! Toshihiko Seko alishinda marathoni ya Fukuoka 1978 akiwa bado mwanafunzi wa Waseda. Akashinda tena 1979 na 1980, na ile ya 1983 ndo ya kukumbukwa maana alimpita Juma Ikangaa wa Tanzania mwishoni kabisa wakapishana sekunde 3 tu, 2:08:52 kwa 2:08:55. Mpaka leo ile naiona ni moja ya mbio bora zilizowahi kukimbiwa Japani. Pia Shizuka Arakawa, dhahabu ya Olimpiki 2006 ya kuteleza kwenye barafu, ni wa Waseda.

Msomaji Huru
Aisee asanteni sana, huyo Sugihara sikuwa namjua kabisa. Vipi Murakami na chuo chake, bado wana uhusiano?

Bint Karne
Wanao. 2021 ilifunguliwa maktaba yake ndani ya chuo, ina miswada na santuri zake, jengo la zamani lililokarabatiwa na msanifu Kengo Kuma. Na aliyetoa hela ya ukarabati ni huyohuyo Yanai wa Uniqlo uliyemtaja juu, walikuwa pale miaka ileile.