Beringi za ekseli ya nyuma VW kobe ya 1965: kulia na kushoto zimetoka tofauti, ipi ndo yenyewe?

Kobe_wa_Uyole:
Wakuu habari za humu. Nina VW kobe niliitoa Tukuyu kwa mjomba, ilikaa chini ya mparachichi miaka kibao na mvua za kule mnazijua, sakafu ilikuwa kutu tupu. Bodi nimemaliza, injini inawaka, sasa nimefika nyuma ndo kichwa kinauma. Tairi ya kulia ilikuwa inacheza ukiishika juu na chini, na oili imelowesha brekishuu mpaka dramu inanuka. Jana nimefungua pande zote. Kushoto imetoka beringi ya gololi, namba zimefutika, nimepima na venia (kile kipimo cha milimita) nikapata tundu milimita 30, nje 72, unene 19. Kulia imetoka ina namba kabisa 6207, nje 72 hiyohiyo ila tundu ni 35 na unene 17!! Nikaenda Mwanjelwa, duka la kwanza wakasema chukua 6207 mbili zifanane, la pili wakanipa 6206 eti tundu ndo la muhimu, la tatu wakatoa 6306 yenye raba pande zote mbili wanasema hiyo haiingii vumbi. Namba ya shasisi inaanza na 115. Nisaidieni jamani, hela ya kununua mara mbili sina.

MwaisaHalisi:
Kulia si ndo upande wa dereva mkuu, wazungu waliweka beringi tofauti kwa ajili ya kitambi 😂 Ngoja nikae hapa nisubiri wataalamu. Ikikamilika tupitishe hata raundi moja pale Kabwe.

FundiMstaafu_Ipogolo:
Kamwene kijana. Huyo wa kitambi mwache. Kiwandani kulia na kushoto ni beringi moja, na yako ni 6306, yaani ile iliyofutika namba ndo ya ukweli. Hiyo 115, tarakimu ya tatu ndo mwaka wa modeli, 5 ni 1965, VW walianza kuandika hivyo Agosti 1964. Kabla hujanunua kitu chungulia chini uthibitishe kwamba hakuna mtu aliyebadilisha gia boksi nzima: ukiona bomba la chuma limetoka gia boksi mpaka kwenye tairi na buti ya raba ni moja tu kule kwenye gia boksi, hiyo ni ekseli ya bomba, beringi moja ya gololi kila upande. Ukiona buti mbili kila upande na shafti iko wazi katikati basi ni zile za baadaye za sivi jointi (kiungo cha gololi kinachopinda huku kinazunguka), zina beringi mbili kila upande, moja ya gololi nyingine ya rola, hapo tutaongea mengine.

Sasa namba. Tarakimu mbili za mwisho zidishe kwa 5 unapata tundu, 06 ni 30, 07 ni 35. Ile 62 au 63 mbele ni aina ya beringi na ukubwa wa mwili wake, yaani nje na unene kwa tundu hilo. Ndo maana 6206 ina tundu 30 lakini nje ni 62, ukiiweka kwenye nyumba ya 72 itaogelea. Na 6207 nje ni 72 inaingia kwenye nyumba vizuri kabisa, inamdanganya mtu, ila kwenye shafti inabaki nafasi ya milimita 5. Kwa hiyo swali langu ni moja, hiyo 6207 ilikuwa imeshikwa na nini? Kaangalie shafti ya kulia halafu urudi hapa.

MamaSpea_Makambako:
Mzee amemaliza, mimi naongeza la raba maana hilo linawaumiza wateja kila siku. Kwenye ekseli ya bomba, beringi inalainishwa na oili ya gia boksi inayotembea ndani ya bomba, haipakwi grisi. Ukiweka ya raba mbili (inaandikwa 2RS) oili haipiti, inabaki na grisi yake kidogo ya kiwandani, ikiisha basi. Unataka 6306 iliyo wazi, unaona gololi kwa macho. Ukiona C3 mwishoni maana yake nafasi ya ndani ni kubwa kidogo, haihusiani na saizi. Usinunue beringi peke yake pia, chukua seti ya sili, zile za kuzuia oili isivuje: oili sili, oringi kubwa na ndogo, gasketi ya karatasi na pini ya nati. Halafu ile bushi ya nje ambayo sili inakaa juu yake ipapase na kucha, ikiwa na kutu au mfereji itakula sili mpya ndani ya mwezi utarudi kulalamika kwangu. Brekishuu zilizolowa oili usizisugue na petroli ukarudishia. Tupa.

Kobe_wa_Uyole:
Mzee shikamoo, na dada ahsante sana. Nimetoka chini ya gari sasa hivi. Buti ni moja moja, bomba lipo. Kwenye shafti ya kulia nilidhani ni kutu, nimekwangua nikakuta BATI limezungushwa raundi kadhaa kama bandeji, na nyuma yake washa nyembamba. Lina rangi ya bluu upande mmoja, nahisi lilikuwa kopo la rangi 😭

MwaisaHalisi:
Kopo la rangi!! Huyo fundi apewe nishani ya kitaifa.

FundiMstaafu_Ipogolo:
Marahaba. Ndo nilichohofia. Bati la kujaza zile milimita 5, na washa ya kujaza milimita 2 za unene, maana 19 kutoa 17. Bati haliwezi kushika, limekuwa linazunguka na kula shafti. Safisha, pima pale beringi inapokaa, sehemu tatu tofauti. Inatakiwa 30.

Kobe_wa_Uyole:
29.6, 29.5 na 29.6. Kushoto 30 kamili. Kuna tena mtu wa kuchomelea hapa Soweto anasema anajaza weldingi kisha fundi wa kukereza vyuma anaikereza, bei poa.

FundiMstaafu_Ipogolo:
Usikubali. Ule moto unaharibu ugumu wa chuma na shafti ikikatika tairi linaondoka pamoja na dramu, na huko kwenu ni mteremko mtupu. Tafuta shafti. Ncha yake ya ndani ni bapa, inakaa ndani ya gia yake ya difu (zile gia za ndani ya gia boksi zinazogawa nguvu kwa tairi mbili) na vipande viwili pembeni, vyote vilichaguliwa kukaa pamoja, kwa hiyo ukipata chukua na gia yake. Kuitoa lazima uingie gia boksi, tafuta aliyewahi kuifanya. Na upime urefu, modeli za 1967 kuendelea zina ekseli ndefu kuliko yako.

Siku ya kurudishia, nati ya 36 inataka kama nyutonimita 300, yaani bomba la mita moja na mtu wa kilo 30 ananing'inia nchani. Tundu la pini lisipolingana ongeza kukaza, usilegeze. Oili namba 90, lita 2 na nusu.

MamaSpea_Makambako:
Njombe kuna mzee anachinja kobe ya 1966, injini imeshauzwa ila nyuma iko nzima. Njoo inbox. Beba venia yako.

Kobe_wa_Uyole:
Jumamosi nipo kwenye basi la kwanza. Dada niwekee 6306 mbili, za wazi, na seti mbili za sili. Mwaisa wewe utakuwa kilo 30 zangu kwenye bomba.

MwaisaHalisi:
Mimi nina 92 mkuu, nati utaikata.