Hivi "lokali" imeanza lini kuwa tusi? Nimechefukwa!

Wakuu, natoka kikao cha harusi sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Yule jamaa mnamjua, kila kamati yumo, miwani ya giza saa 3 usiku, Kiingereza kingi ila mchango wake haujawahi kuonekana tangu dunia iumbwe. Leo kanikuta na shati langu la kitenge, fundi kalimaliza jana tu, akaja akanishika kola kwa vidole viwili, VIDOLE VIWILI wakuu, kama anaokota panya aliyekufa, akasema mbele ya mashemeji "bro, mbona lokali hivi?" Meza nzima ikaangua kicheko, hadi mhudumu aliyeleta soda.

Sasa huko kwa wenye lugha yao lokali si ni ya hapahapa tu? Muingereza baa ya jirani na kwake anaiita lokali yake na anajivunia kabisa, huku kwetu ukiitwa lokali basi we mshamba, hujaoga, umeshuka na lori la mkaa. Na huyohuyo akiagiza kuku anataka wa kienyeji, broila hagusi! Kuku akiwa lokali bei inapanda, mimi nikiwa lokali nashikwa kola. Kwa vidole viwili!!

Kidume_Tandale: Weka picha ya shati kwanza ndo tuhukumu.

MamaChapati: Kama ni lile la matausi mgongoni jamaa kakustahi sana.

Tichaa: Neno lenyewe limetoka kwenye Kilatini, locus, yaani mahali. Halina ubaya wowote.

Kidume_Tandale: Ticha tulia. Ila mleta uzi nenda kang'oe jino uone utakavyoililia sindano ya lokali, ile ya ganzi 😂

Mleta uzi: Mnacheka ila hamkuviona vile vidole

Binti_Moro: Afadhali wewe, mimi mawifi wananiita "simpo", nikivaa dera simpo, nikipika wali simpo, siku nikinuna ndo wataniona siyo simpo.

Mzee wa Banda: Hao kuku mnaoita wa kienyeji huko baa wengi chotara, kroila hao, mnapigwa mchana kweupe.

MamaChapati: Sema tena mzee, juzi nimechemsha nusu saa tu nyama ikaachia mfupa, kienyeji gani huyo?

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada

Kidume_Tandale: Mzee wa Banda jogoo halisi unauzaje?

Mzee wa Banda: Njoo inbox. Mitetea pia ipo.