Tupeane uzoefu: simu za matapeli zilivyotufikia na tulivyojinasua

Mwana wa Sengerema (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Kuna jambo linanikereketa rohoni, nimeona nililete hapa ili kila mwenye la kusema aseme.

Mama yangu ni mweka hazina wa kikundi chao cha kuweka na kukopa, akina mama kumi na wanane. Kikundi kina kitochi chake na laini yake, na hela za wiki hulala humo mpaka siku ya kikao. Mwezi wa tatu mama alipigiwa kwenye simu yake mwenyewe. Kijana, sauti ya upole, anamwita "mama yangu". Akajitambulisha kuwa ni wa huduma kwa wateja, kwamba uhakiki wa alama za vidole haujakamilika, na laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake zitafungwa saa kumi jioni. Akamuuliza kama ana laini nyingine. Mama akasema ipo, ya kikundi. "Hiyo ndiyo yenye shida zaidi, mama yangu. Ina salio kiasi gani, tusije tukalipoteza?" Mama akamtajia.

Basi akakaa naye hewani dakika ishirini na tano, simu moja sikioni, kitochi mkononi. Bonyeza hiki, sasa bonyeza kile. Akapewa namba ya "afisa wa uhakiki", akaiandika. Kisha akaambiwa aandike "namba ya uhakiki", tarakimu sita: sita, tatu, nane, tano, sifuri, sifuri. Ilipofika zamu ya namba ya siri, yule kijana akamwambia, "Hiyo usinitajie hata mimi, mama. Ni siri yako." Hapo ndipo mama alipomwamini kabisa.

Ile namba ya uhakiki ndiyo kiasi. Shilingi 638,500 ziliondoka kwa mkono wake mwenyewe, miwani iko mezani, na kila alipotaka kuifuata akaambiwa, "Usiondoke, mama, mfumo utaanza upya."

Fedha inauma, lakini kinachoniuma zaidi ni kwamba alikaa wiki tatu bila kumwambia mtu. Aliuza mbuzi wawili, akakopa kwa mama mdogo, akarudisha hela ya watu. Mimi nilijua nilipokwenda nyumbani nikakuta zizini amebaki mbuzi mmoja. Nilipouliza, alilia kama aliyeiba.

Naombeni mlete yenu. Msiseme tu "nilipigwa laki mbili". Semeni alianzaje, alitumia maneno gani, ni wapi alikushika, na kama ulitoka, ulitokea wapi. Kuna mtu atasoma hapa kesho halafu asikie maneno yaleyale sikioni mwake.

Wakala wa Msamvu

Pole sana kwa mama, ndugu yangu. Mimi ni wakala mwaka wa saba sasa, na hawa watu nawaona kutoka upande wa pili wa dirisha. Mteja anafika simu ikiwa sikioni, haikati. Ananong'ona anataka kuweka hela kwenye namba fulani. Nikimuuliza jina la anayemtumia, ananiangalia kwanza, halafu anauliza kwenye simu. Nikiona hivyo mkono wangu unasita.

Mwaka jana alikuja mwalimu mstaafu, mzee wa watu, jasho linamtoka. Amepigiwa na "daktari" kwamba mjukuu wake kaanguka shuleni, kichwa kimepasuka, yuko mlangoni kwa chumba cha upasuaji na wanasubiri 280,000 za vifaa. Jina la mtoto wanalijua, la shule wanalijua. Nikamwambia, "Shikamoo mwalimu. Kabla sijaweka hii hela, nipe namba ya matroni." Akanifokea, akasema mtoto atakufa kwa ubishi wangu. Nikamwambia hasira zake nazipokea, lakini tumpigie matroni. Simu iliita mara mbili tu. Mtoto alikuwa darasani. Mzee alikaa kwenye ndoo yangu ya maji nje pale kama nusu saa, hakuweza kusimama.

Na sisi mawakala tunalizwa pia. Mwaka wangu wa kwanza alinipigia "msimamizi wa mawakala", akajua mpaka jina la kibanda changu, akasema naongezewa floti, yaani hela ya kufanyia miamala, ila nifanye muamala wa majaribio. 380,000 zikaenda. Nyingine ni meseji ya kuonyesha umepokea hela, imeandikwa vilevile kama ya mtandao, mpaka kumbukumbu namba ipo, lakini imetoka kwenye namba ya mtu wa kawaida. Mimi meseji siku hizi siiangalii kabisa. Naingia kwenye menyu, naangalia salio. Salio halijapanda, hela haijaingia.

Binti Tandika

Mimi ilikuwa ile ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Nilikuwa kweli nadaiwa kodi, mwenye nyumba kanipigia asubuhi, mchana meseji ikaingia. Jina lililotokea kabla ya kuthibitisha halikuwa la mwenye nyumba, nikajua ni la mke wake. 150,000. Kumbe wanatupa meseji hizo kwa watu maelfu, na wengi wetu tunadaiwa na mtu.

Mfugaji Mvomero

Hii yangu ni ndefu, mnivumilie, maana nadhani ndiyo ya hatari kuliko zote. Hakuna aliyenitisha wala kunikimbiza.

Simu iliingia jioni nikiwa narudisha ng'ombe. "Kaka! Umenisahau? Kweli mambo yamekunyookea." Nikauliza nani mwenzangu. "Dah, dawati moja miaka yote ile, leo hata sauti yangu huijui?" Nikacheka, nikaona aibu kidogo. Nikasema, "Wewe Isaya?" Akapaza sauti, "Eeh! Sasa umenikumbuka!"

Mnaona hapo? Jina nimelitoa mimi. Dakika kumi zilizofuata nilimpa kila kitu mwenyewe: nina ng'ombe wangapi, naishi kitongoji gani, mzee wangu alifariki lini. Akanipa pole ya msiba, na ile pole iliniingia.

Hakuniomba hata senti. Alinipigia tena baada ya siku nne, kwamba yuko kwenye mradi mkubwa wa mifugo, wageni wanatafuta chanjo fulani ambayo anauza bwana mmoja Dodoma kwa 120,000 chupa, na wao wanainunua kwa 350,000. Yeye ni mwajiriwa, haruhusiwi kuwauzia. "Nikaona bora riziki hii aipate mtu wangu." Akanipa namba ya muuzaji na namba ya mnunuzi. Nikapiga zote mbili. Muuzaji anajibu kwa mkato kama mtu mwenye wateja wengi, akasema zimebaki chache. Mnunuzi akasema ana gari, atanifuata mpaka kijijini, nisihangaike na nauli. Sauti tatu tofauti, na hakuna anayenisukuma.

Nikatuma 240,000, chupa mbili. Zikaja kwa basi kweli, zimefungwa vizuri, zina lebo. Nikampigia mnunuzi: haipatikani. Isaya: haipatikani. Nilimpelekea bwana mifugo chupa moja, akaifungua, akainusa, akaimwaga mkononi. Maji yenye rangi.

Isaya mwenyewe nilikuja kumpata kupitia kaka yake. Yuko Tunduru, hajawahi kunipigia.

Siku hizi mtu akiniuliza "umenisahau?" najibu, "Nimekusahau, jitambulishe." Halafu nanyamaza. Wengi hukata wenyewe.

Mdau wa Posta

Poleni, ila tuambizane ukweli. Wengi wanaopigwa ni tamaa. Chupa ya 120,000 uiuze 350,000, hiyo biashara gani?

Mwana wa Sengerema (mleta mada)

Mkuu, nakujibu kwa heshima. Mama yangu alitamani nini? Alikuwa anaogopa hela za wenzake zisipotee. Mwalimu wa pale Msamvu alitamani nini? Mjukuu apone. Dada wa Tandika alikuwa analipa deni lake kwa wakati. Hawa watu wanashika chochote kilicho karibu, na mara nyingi kilicho karibu ni wema wa mtu. Na neno hili "tamaa" ndilo lililomfanya mama auze mbuzi kimyakimya. Alijua tutamwambia hivyo.

Mfugaji Mvomero

Mimi tamaa nilikuwa nayo, sikatai. Ila ningesema mapema, jirani yangu asingepigwa kwa chupa zilezile miezi miwili baadaye. Nilinyamaza kwa sababu ya maneno ya namna hiyo.

Mdau wa Posta

Nimewaelewa. Naomba radhi, hasa kwa mama.

Kijana wa Kisauni

Huku Mombasa wanapenda sana hii ya "nimekosea kutuma". Ujumbe unaingia, umepokea 3,500, kisha simu: "Ndugu yangu, tafadhali, hizo ni za dawa za mamangu, nirudishie." Analia kabisa. Mara ya kwanza nilirudisha kabla ya kuangalia salio, na kumbe hakuna kilichoingia.

Mara ya pili pesa iliingia kweli. Nilikuwa karibu nimtumie, rafiki yangu akanizuia. Akanieleza kwamba ukimrudishia kwa mkono wako, naye akaomba kampuni imrudishie muamala wake, unatoka mara mbili. Nikamwambia, "Wewe tuma ule ujumbe wako 456, watarudisha wao, mimi sizigusi." Alitukana, akakata. Pesa zilirudishwa na kampuni siku hiyohiyo. Na ujumbe wa hao matapeli huku tunausukuma kwa 333. Namba hizi mbili ni za Safaricom ya huku Kenya.

Mtu wa Sumbawanga

Nasoma hapa roho inanisokota. Kwenye taarifa za robo mwaka za TCRA, ile mamlaka ya mawasiliano, kuhusu majaribio ya utapeli, Rukwa na Morogoro ndizo zimekuwa zikitajwa juu. Ukisema unatoka kwetu, watu wanakutania. Ila nataka niwaeleze laini zinavyopatikana, maana watu hujiuliza: si tulisajili kwa alama za vidole tangu Mei 2019, na zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa Januari 2020? Mbona tapeli hakamatwi?

Yule kijana mwenye mwavuli na kimashine anakuja mnadani. Bibi anataka laini moja. Anaweka kidole. "Haijashika bibi, futa jasho, weka tena." Anaweka. "Tena." Bibi anaondoka na laini moja, kijana anabaki na mbili zenye jina la bibi, anaziuza. Laini iliyomliza mtu Dar inaongoza kwa mama mmoja anayelima ulezi huku, ambaye hajui lolote.

Mimi mwenyewe nilipopiga *106# nikaangalia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho changu cha NIDA, nilikuta mbili nisizozijua. Nilikwenda dukani kwao nikazifuta. Piga leo, usingoje. Kidole kikikataa, uliza kwanza kile cha mwanzo kimekwenda wapi.

Wakala wa Msamvu

Kaka wa Sumbawanga kasema kweli tupu. Niongeze moja kwa aliyekwisha kutuma. Dakika za mwanzo ndizo zenye thamani. Usianze kumpigia tapeli umbembeleze, wala usikae kulia kwanza. Piga 100 ya mtandao wako hapohapo, taja kumbukumbu namba ya muamala, omba wazuie. Kama hajatoa, kuna uwezekano. Akishatoa kwa wakala, imekwenda. Kisha nenda polisi uchukue RB, ile namba ya taarifa yako. Meseji ya kitapeli isukume 15040 pamoja na namba iliyoituma, ni bure.

Nimeona mama mmoja akiokoa laki nne kwa sababu alipiga 100 akiwa bado amesimama dirishani kwangu.

Dada wa Muscat

Assalam alaykum. Mimi nafanya kazi za ndani huku Oman, mwaka wa nne. Alinipigia mtu kwa Kiarabu kibovu, akabadili Kiingereza, akasema kadi yangu ya benki imefungwa na mshahara hautaingia. Ilikuwa tarehe ishirini na nane. Sisi huku ukisikia mshahara hautaingia, akili inaruka. Akaniomba namba za kwenye kadi nikamsomea, kisha ikaingia meseji yenye tarakimu sita, akaniomba na hizo. Nikamsomea. Riyali tisini zikaondoka, nikiwa bado namsikia anasema "one minute, madam".

Bosi wangu ndiye aliyepiga benki wakaifunga kadi. Nimejaza fomu, bado nasubiri. Nyumbani Tanga sijawaambia kwa nini mwezi ule sikutuma. Ninyi ndio wa kwanza.

Binti Tandika

Dada, pole sana. Waambie nyumbani. Usikae nalo peke yako huko ugenini.

Mwana wa Sengerema (mleta mada)

Wadau, jana usiku nilimpigia mama nikamsomea yote haya, saa nzima. Kwa mzee wa Msamvu alisema "maskini weee". Kwa mfugaji aliniambia nirudie ile sehemu ya pole ya msiba.

Halafu akanieleza kitu ambacho hakuwahi kuniambia. Kwamba siku ile alikuwa anakohoa, na yule kijana alinyamaza, akasubiri, akamwambia, "Pole mama, umekunywa dawa lakini? Tutaendelea ukiwa tayari." Anasema ni yeye tu aliyemuuliza habari ya kifua wiki ile. Sisi watoto tuko sita.

Jumapili ni kikao cha kikundi. Amesema atasimama aseme mwenyewe, na ameniomba nimwandikie 100 na 15040 kwenye karatasi kwa herufi kubwa, nakala kumi na nane.

Na anauliza: yule binti wa Muscat, amekwisha kuwaambia nyumbani?