Kila muuzaji anajifungulia kategoria, spea zetu zinapotelea wapi?

Wazee, nimevumilia ya kutosha. Kuna tovuti ya matangazo tunayoitumia sana hapa Kisumu, jina nalimeza kwa sasa, iliyoamua kwamba kila muuzaji ajitungie kategoria na lebo apendavyo. Mdomoni ni uhuru, mfukoni ni hasara.

Mimi nauza spea za boda Kondele. Haya niambieni, seti ya cheni ya Boxer, ile pikipiki ya kampuni ya Bajaj, niiweke wapi? Menyu ina Spea > Pikipiki > Boxer. Teremka kidogo, utakuta Pikipiki > Bajaj > Boxer > Spea. Halafu kuna bwana mwingine kajifungulia Kisumu > Kondele > Boda > Vitu vya Boda. Zote tatu zina matangazo na hakuna inayoijua mwenzake. Mteja wa Ahero akiingilia mlango mmoja anakuta plagi za mtu mmoja, anadhani mji mzima hauna spea, anaenda zake. Ukiamua kuweka tangazo kote kote, mfumo unakufungia eti unarudiarudia!

Lebo ndiyo aibu tupu. boxer, Boxer, BOXER, boxer150, boxer-150, boksa. Kwao hizo ni lebo sita tofauti. Jameni, kugeuza herufi kubwa kuwa ndogo kabla ya kuhifadhi ni kazi ya mstari mmoja wa msimbo. Kumwonyesha mtu lebo zilizopo anapoanza kuandika, hilo nalo limewashinda?

Lakini kilichonitoa machozi ni ufutaji. Aliyefungua kategoria ndiye mwenye ruhusa ya kuifuta. Kuna jamaa alifungua "Spea za Boda", sote tukahamia humo kwa sababu ilikuwa na jina la maana, kisha akaachana na biashara na akaifuta. Matangazo yetu yakaenda nayo: picha, bei, maswali ya wateja, kila kitu. Linki niliyowatumia mafundi kwenye WhatsApp sasa inafungua ukurasa mweupe unaosema haupatikani. Hata WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, ya bure kabisa, ukifuta kategoria machapisho yake hubaki. Yasiyo na kategoria nyingine huhamishiwa kategoria ya msingi, na kategoria ndogo hupanda ngazi moja. Sisi tumefutwa kama vumbi la kaunta.

Nikawaandikia wasimamizi. Wakanijibu kwamba jamii itajipanga yenyewe. Jamii gani, na kwa kifaa gani? Muuzaji hawezi kuunganisha kategoria mbili, hawezi kuihamisha, hawezi hata kuripoti kwamba ni ileile. Wikipedia nayo inamruhusu mtu yeyote mwenye akaunti kufungua kategoria, na imekuwa nazo tangu 2004, ila kule kuna mahali watu wanabishana ipi iunganishwe na ipi iondoke. Tena kategoria moja inaweza kukaa chini ya wazazi wawili. Huku kwetu Boxer ingekaa chini ya Spea na chini ya Bajaj, ugomvi ukaisha. Kwenye Stack Overflow, tovuti ya maswali ya waandika programu, hufungui lebo mpya mpaka ufikishe alama 1500, na lebo zenye maana moja zimefungwa pamoja: ukiandika hii unapelekwa kwa ile.

Na mahali pasiwe tawi la mti wa kategoria, tafadhali. Mmoja ameweka Nyanza > Kisumu kama vile mikoa haikupisha kaunti 2013, mwingine ameweka Kaunti ya Kisumu juu kabisa. Tuna maeneo bunge 7. Kila moja likiotesha mti wake wa spea, wa simu na wa nyumba za kupanga, nani atapata kitu humo? Weka kisanduku cha kuchagua mahali, basi.

Ninachodai si kingi. Mtu akifuta kategoria, matangazo yapande kwa mzazi wake na linki ya zamani iendelee kufunguka. Kategoria mpya ipitiwe na wauzaji wachache wanaoijua biashara hiyo, maana kijana wa ofisini hajui klachi na kabureta zinaachana wapi. Mpaka hapo sitawalipa hata shilingi ya kupandisha tangazo juu, na wenzangu wa Kibuye nimewaambia vivyo hivyo.

Na wewe uliyefungua "Boxer Kisumu Mpya 2" jana usiku, nakuomba kwa heshima, ifunge kabla mtu hajaweka mbuzi humo.