Mrejesho: mtandao umejaa ila intaneti haitembei

Wakuu nimerudi. Niliuliza hapa kwanini kwangu Mbezi simu inaonesha 4G imejaa lakini hata picha ya WhatsApp inazunguka tu, mkaniambia nisiangalie nguvu ya mawimbi peke yake, niangalie na usafi wake. Nikapima pale dirishani, RSRP (nguvu ya mawimbi) -84, nzuri kabisa, ila SINR (usafi wake, mawimbi ukilinganisha na kelele) -2, yaani kelele imezidi mawimbi yenyewe! Minara miwili inanifikia kwa nguvu karibu sawa, mmoja PCI (namba ya utambulisho ya seli, yaani eneo linalohudumiwa na antena moja ya mnara) 121 mwingine 304, na yule mkuu aliyesema nigawe hizo namba kwa 3 alikuwa sahihi, zote zinabaki 1, kwahiyo mawimbi yao ya rejea (yale simu inayotumia kupimia mtandao) yanagongana palepale. Nikapiga huduma kwa wateja mara tatu, ya tatu nikawatajia hizo namba ndo wakaniunganisha na fundi. Wamebadilisha PCI ya seli moja, na antena ya ule mnara wa mlimani wameiinamisha kidogo maana ilikuwa inamwaga mawimbi mpaka huku kwetu. Leo SINR 13. Mama kapiga video kutoka Songea tumeongea nusu saa haijakata hata mara moja, asanteni sana aisee.