Kava la bodi ya pikapu: kweli linapunguza ulaji wa mafuta au napigwa?

MamaChanjo_Mafinga

Wakuu heshima kwenu, na wakubwa shikamooni.

Nina Hilux ya milango minne ya 2012, dizeli, ile D-4D ya 2.5. Nina duka la dawa za mifugo na pembejeo hapa Mafinga, na mara mbili kwa mwezi nashuka Dar kuchukua mzigo. Nashuka bodi tupu, labda kasha la barafu la chanjo na mkeka wangu tu. Kupanda ndiyo kazi: maboksi ya dawa, mabomba ya kupulizia, mifuko ya virutubisho vya kuku, mpaka mzigo unapita juu ya ubavu wa bodi. Nafunika turubai, nafunga kwa mipira ya tyubu, tunaondoka.

Wiki iliyopita kuna muuza vifaa vya magari Dar alinishika nikiwa nasubiri mzigo. Akaniambia mama, wewe unavuta parachuti. Upepo unaingia bodini, unagonga mlango wa nyuma, injini inahangaika. Dawa yake kava. La kukunja, la turubai gumu, 650,000. La ngumu kabisa la kufungwa na ufunguo, 1,800,000. Akaapa kwamba nitaokoa lita 15 katika kila 100, yaani lile la 650,000 linajilipa kwa miezi sita.

Hesabu yangu: Mafinga hadi Dar ni kama kilomita 580. Kwenda na kurudi natumia lita 120. Mwaka juzi zilikuwa 110 hivi, sijui kimetokea nini. Gari linafanyiwa sevisi.

Dereva wangu, mtoto wa dada, yeye anasema huyo muuzaji tapeli, dawa ni ya bure: tukiwa tupu tushushe mlango wa nyuma, upepo upite zake. Nimemkatalia mpaka nisikie kwenu.

Nani ameshafunga hili kava akapima? Sio "nahisi gari limekuwa jepesi". Kupima.

ChumaChakavu

Dada, ukishusha mlango wa nyuma akiba utaiona mapema sana. Ukifika juu ya mlima Kitonga hutakuwa na kasha la chanjo, gari litakuwa jepesi kweli.

HandakiLaUpepo

Muuzaji hajatunga yote, kakuza tu. Marekani chama cha watengenezaji na wauzaji wa vifaa vya magari, SEMA, kiliwahi kupeleka pikapu kwenye handaki la upepo, yaani jengo ambalo gari linasimama na kupuliziwa upepo ili lipimwe, kule Mooresville, North Carolina, zikapimwa zikiwa na kava na bila kava. Wastani ukinzani wa upepo ulipungua kama asilimia 6. Kumbuka hao ndio wenye biashara, kama ingetoka 15 wangetutangazia hadi huku.

Halafu hiyo 6 ni ya upepo, siyo ya mafuta. Mafuta yanatumika pia kubingirisha tairi, kupanda milima, kuzungusha feni na dainamo. Ukiwa barabara kuu unatembea kasi moja, 6 ya upepo inaleta 2 au 3 ya mafuta. Ukiwa kwenye foleni ya Kibaha inaleta sifuri.

MzeeSukani

Marahaba mwanangu, pole na barabara.

Nimeshika usukani miaka 31, nyingi kwenye pikapu za mradi wa kahawa, Mbinga, Songea, Makambako hadi Dar. Tulikuwa na mhasibu mgumu kama kisiki cha mkaratusi. Kila lita iandikwe kwenye kauntabuku, na kilomita zake, na nani alikuwa anaendesha. Kwa hiyo mambo ya ulaji wa mafuta mimi sikuyasoma, niliandikishwa.

Nianze na kijana wako maana huyo ndiye wa kumwahi. Asishushe mlango. Hata sisi tulikuwa tunashusha, tena kwa kujiona wajanja. Siku moja fundi wa mradi akachoka na ubishi wetu. Akanunua uzi mwekundu wa kufumia sweta, akakata vipande virefu kama kidole, akavibandika kwa selotepu kwenye sakafu ya bodi, mistari mitatu kutoka kebini hadi mlangoni. Mimi nikakaa kiti cha nyuma nimegeuka, uso kwenye kioo, yeye akaendesha. Lami ya Makambako, na upepo wa Makambako mnaujua.

Tulipofika 80 nilitegemea nyuzi zote zilale kuelekea nyuma. Za karibu na mlango zikalala kuelekea kwangu! Kuelekea kebini. Nikamgongea asimame nikidhani amezibandika vibaya. Tukarudia, vilevile.

Maana yake upepo hauingii bodini ukagonga mlango kama alivyokwambia muuzaji. Unaruka kutoka kwenye paa, unapita juu ya bodi, wingi wake unavuka ukingo wa mlango na kwenda zake. Ule ulio ndani ya bodi unazunguka taratibu kama maji ya mto nyuma ya jiwe, chini yanarudi, juu yanaenda. Huo mzunguko ndio mfuniko wako wa bure. Kisha tukashusha mlango. Nyuzi zikaanza kuhangaika kama siafu waliomwagiwa majivu, hakuna mwelekeo tena. Mfuniko umevunjika, upepo unatumbukia bodini, na gari linavutwa kwa nyuma zaidi ya mwanzo. Kauntabuku ilituambia hivyohivyo mwezi mzima, ila hatukutaka kuisikiliza.

Sasa ukifunga kava unabadilisha mfuniko unaofanya kazi kwa mfuniko unaofanya kazi vizuri zaidi kidogo. Ndiyo maana akiba ni ndogo. Kama bodi ingekuwa parachuti kweli, basi hizo lita 15 ningeziamini.

Jambo la pili ni barabara yako. Nguvu ya upepo haiongezeki sawa na kasi. Ukitoka 50 kwenda 100 inakuwa mara nne, siyo mara mbili. Chini ya 60 kava limelala usingizi. Na wewe unapita vijiji vya 50 ambako kila mwembe una askari na tochi ya kupima kasi, unapita hifadhini Mikumi na matuta yake, unapita Kitonga nyuma ya lori la mbao. Toa vyote hivyo uone zinabaki kilomita ngapi za kukimbia.

Toa na safari ya kupanda, kwa sababu umesema mwenyewe mzigo unapita ubavu wa bodi. Kava la bapa halifungi. Linabaki la kushuka tu. Kushuka tuseme unatumia lita 55. Nikupe asilimia 2, na hapo nimekuwa mkarimu: lita 1.1. Mara mbili kwa mwezi, 2.2. Dizeli tuchukulie 3,000, ni 6,600 kwa mwezi. Gawanya 650,000 kwa hiyo: miezi 98, miaka minane. La 1,800,000 sikuambii, lakini limepita miaka 22 na lina uzito wake ambao Kitonga utakudai.

Ninachotaka kujua mimi ni zile lita 10 zilizoongezeka tangu mwaka juzi. Hizo ndizo za kutafuta. Nijibu: umefunga keria juu ya paa? Umebadilisha tairi? Upepo wa tairi unapima lini na wapi? Dereva ni yuleyule? Na fanya hili kesho asubuhi. Endesha kama kilomita 20 barabara tupu, simama kwa kuliacha gari lipunguze lenyewe bila kukanyaga breki sana, shuka upeleke kiganja karibu na rimu moja moja. Karibu, usishike. Ukikuta moja inatoa joto kama pasi na wenzake ni vuguvugu, breki hiyo inashika.

Nyongeza kuhusu turubai lako: likipwaya linavimba kama tanga la jahazi, na hapo ndipo parachuti ya muuzaji inapopatikana kweli. Livute likaze kama ngozi ya ngoma, ncha ya mbele uichomeke chini ya mzigo, isielekee upepo.

MamaChanjo_Mafinga

Mzee asante sana, nimekusomea kijana kwa sauti.

Keria ndiyo, nilifunga mwaka jana mwanzoni, la kubebea mabomba ya umwagiliaji. Nimelitumia mara tatu. Tairi nilibadilisha, kijana alishauri zile zenye meno makubwa kwa ajili ya barabara za vijijini. Dereva ndiyo huyuhuyu mtoto wa dada, amenianzia mwaka jana. Upepo… nitauliza.

Nikubali pia kwamba Mlandizi hadi Chalinze huwa anafika 110 mimi nikiwa nimesinzia.

MzeeSukani

Basi mwanangu kava umeshalipata, limekaa juu ya paa na jingine liko kwenye mguu wa kulia wa kijana. Keria tupu linakula upepo safari nzima, kwenda na kurudi, iwe una mzigo au huna. Na ukitoka 100 ukatembea 85, ukinzani wa upepo unapungua zaidi ya robo. Linganisha na ile 6 ya handaki la bwana hapo juu.

Ila ukipima usije ukalinganisha kushuka na kupanda. Mafinga iko juu kama mita 1,900, Dar iko baharini. Kulipandisha gari la tani mbili kimo hicho peke yake ni karibu lita 3 za dizeli, hata upepo usiwepo. Jaza Mafinga mpaka bomba likate, nenda urudi, jaza kituo kilekile, bomba lilelile. Safari moja isikudanganye, fanya tatu.

Tenga_la_Ilula

Samahani kuingilia. Mimi nina Hilux ya milango miwili, nabeba nyanya, matenga yanapita paa la kebini. Kava si langu hilo, sasa nifanyeje?

HandakiLaUpepo

Mkuu, chochote kinachotokeza juu ya paa ni ukuta mpya unaousukuma. Kama unaweza kupanga matenga yajae hadi nyuma kabla ya kuongeza ghorofa, fanya hivyo, na ghorofa ya juu iwe fupi. Umbo linalopunguza upepo kuliko yote kwenye pikapu ni paa linaloteremka kutoka juu ya kebini hadi ukingo wa mlango wa nyuma, kama mgongo wa kobe. Huko ughaibuni watu wanajitengenezea kwa plastiki na mbao gereji za nyumbani. Lakini ukilifunga hilo, nyanya utaziweka wapi?

Tenga_la_Ilula

Kwenye gari la jirani.

MamaChanjo_Mafinga

Narudi na majibu, wiki sita baadaye. Samahani kwa kimya, kulikuwa na mdondo wa kuku huku.

Asubuhi ile nilitoka na kijana hadi karibu na Nyololo. Rimu tatu vuguvugu. Ya mbele kushoto sikuweza kusogeza kiganja, na ukiinama unasikia harufu ile ya pedi iliyoungua. Fundi alipofungua, pini moja ya breki ilikuwa imeganda kwa kutu, pedi ya ndani imebaki kama ukucha, ya nje bado nene. Pini, pedi na grisi, 95,000 na ufundi wake. Gari lilikuwa linavuta kushoto kidogo muda mrefu, mimi nikasema ni barabara.

Upepo wa tairi tulikuta 24, 25, 22 na 26. Kibandiko cha mlangoni kinasema zaidi ya hapo. Keria limeshuka, liko nyuma ya duka, kuku wanalalia. Kijana tumekubaliana 85, na nimeacha kusinzia Mlandizi.

Nimefanya safari tatu, bomba lilelile la hapa Mafinga. Ya kwanza lita 113. Ya pili 112.

Kisha nikanunua kava. Ndiyo, mzee usinigombeze, lile la 650,000, nikapunguziwa hadi 580,000. Sikununua kwa ajili ya mafuta. Safari ya pili tulipigwa mvua kubwa kutoka Mikumi, maboksi mawili ya virutubisho yakalowa, hasara karibu 140,000 kwa siku moja. Nimepunguza pia mzigo wa kila safari ubaki chini ya ubavu, ukizidi naupandisha kwa basi.

Safari ya tatu, na kava: 111. Sijui kama hiyo lita moja ni ya kava au ni ya mzigo mdogo. Muuzaji nilipompa hizo namba alisema kava jipya linahitaji kuzoea gari.

Mtoto wa dada bado ana lake moyoni kuhusu mlango wa nyuma. Nimemnunulia uzi mwekundu na selotepu. Jumamosi analitoa kava anakwenda barabara ya Sao Hill, na mdogo wake atakaa nyuma kuchungulia kioo.